Kioo Kipya, Fremu ya Babu

Mto Tana ukivunja kingo, watu wa Delta hawabebi magodoro na kuku peke yake. Wanabeba mabati, wanabeba milango, wanabeba madirisha. Ukuta wa udongo unaachwa, maana udongo uko kila mahali na mikono ipo. Lakini mbao iliyorandwa ikapachikwa bawaba ni mali. Utaona mtumbwi unakata maji ya rangi ya chai ya maziwa, na katikati, baina ya mbuzi na sufuria, dirisha limelazwa chali linatazama mbingu. Mtu wa Nairobi akiiona picha hiyo kwenye simu atacheka. Dirisha bila nyumba ni la nini?

Nimelifikiria sana swali hilo tangu familia yetu ilipoamua, baada ya mafuriko ya mwisho wa 2023 na yale yaliyorudi Aprili na Mei 2024, kwamba nyumba ya nyanya ng'ambo ya mto haitajengwa tena palepale. Maji ya 1961 kwetu ni hadithi. Ya 1997 mama aliyaona, ya 2018 nimeyaona mwenyewe, na safari hii hakuna aliyebaki na hamu ya kuhesabu. Nyumba inahamia juu, upande wa Garsen mjini, kwa matofali na saruji. Kilichotoka kwenye ile ya zamani ni mabati machache, mlango mmoja, na fremu sita za madirisha za mbambakofi ambazo babu alichongewa na fundi mmoja wa Ngao mwaka 1974.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mtoto wa amu yangu yuko Muscat mwaka wa nane sasa, anafunga vioo kwenye majumba ya watu. Pesa nyingi za ujenzi zinatoka kwake, na niseme mapema kwamba bila yeye pengine tungekuwa bado chini ya turubai. Alituma ujumbe wa sauti wa dakika sita. Kwa kifupi: fremu za babu ni nzuri, zisitupwe, lakini ziwekwe vioo viwiliviwili kama anavyoweka yeye kule, ili nyanya apate nyumba baridi, isiyoingia vumbi wala kelele za malori ya Garissa. Mama akasema sawa. Kaka yangu mkubwa akasema kama ni hivyo basi heri alumini ya kuteleza, mambo yaishe. Nyanya hakusema kitu siku ya kwanza. Siku ya pili aliuliza, "Litafunguka?"

Watu waliona ni swali la mzee asiyeelewa mambo ya kisasa. Mimi naona ndilo swali lenyewe, na nataka kulifuata mpaka lifike linapokwenda.

Kwanza tuelewane dirisha la vioo viwili ni kitu gani, maana wengi hudhani ni kioo kinene tu. Ni vioo viwili vilivyosimamishwa sambamba, mara nyingi kila kimoja milimita 4, na katikati yake nafasi iliyozibwa pande zote nne. Ndani ya nafasi hiyo mna hewa kavu, au gesi ya argoni, ambayo hupitisha joto polepole kuliko hewa ya kawaida. Ukingoni kuna kipande cha chuma chepesi chenye uwazi ndani, kimejazwa chembechembe za kunyonya unyevu, kisha gundi ya kuziba. Ujanja wote uko pale katikati. Kioo kwa kweli hakizuii joto sana. Kinachozuia ni ile hewa iliyotulia, iliyonyimwa pa kwenda.

Sasa chukua kitu hicho ukitie kwenye fremu ya zamani. Kioo kimoja cha milimita 4 kinahitaji mfereji mdogo tu kwenye mbao, ukipaka pati kimekaa. Vioo viwili vyenye nafasi ya milimita 6 vinakuwa milimita 14. Ukitaka nafasi ya 12 inayofanya kazi vizuri zaidi, ni 20. Lazima uichimbe fremu. Uzito nao: mita moja ya mraba ya kioo cha milimita 4 ni kilo 10, kwa hivyo viwili ni kilo 20, na bawaba za 1974 hazikuandaliwa mzigo huo. Tena mbao inapumua. Mvua ikinyesha inavimba, jua likiwaka inanywea, na kioo hakijui habari hizo. Usipokiachia nafasi kitapasuka, na usipotoboa vitundu vya kutolea maji chini, ile gundi itakaa majini mpaka iachie. Yote yanawezekana. Uingereza kuna mitaa mizima ya nyumba za zamani ambako serikali za mitaa haziwaruhusu wenyewe kubadilisha sura ya madirisha, na mafundi wa huko wameshakuwa mabingwa wa kuingiza vioo viwili vyembamba kwenye mbao zilizochongwa miaka mia moja iliyopita. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini wao wanapigana na baridi.

Sisi tunapigana na nini? Hili ndugu yangu wa Muscat hakuligusa, na simlaumu, maana kule jua linapita nyuzi 40 kiangazi, kiyoyozi kinanguruma usiku na mchana, na dirisha kazi yake ni kulinda ubaridi uliokwisha kulipiwa. Vioo viwili hapo vina maana kamili. Garsen pia ni joto, tena joto la kukufanya uchukie shati lako. Lakini nyumba ya nyanya haina kiyoyozi, na stima yenyewe huja na kwenda kama mgeni asiyeaga. Nyumba isiyo na kiyoyozi inapozwa na upepo, kaskazi kwa miezi yake na kusi kwa miezi yake. Ukiifunga kwa kioo, hata viwe vinne, jua linapita kwenye kioo, linapasha sakafu moto, na ule moto haupati njia ya kutoka. Aliyewahi kuingia kwenye matatu iliyoachwa juani stendi madirisha yamefungwa anajua ninachosema. Vioo viwili havitengenezi ubaridi. Vinatunza kilichoko ndani, na kama kilichoko ndani ni joto, basi vitatunza joto, kwa uaminifu mkubwa.

Fremu za babu zilichongwa kwa fikra nyingine kabisa. Hazikuwahi kuwa na kioo hata siku moja. Zina mabawa mawili ya mbao yanayofunguka kwa nje, na sehemu ya juu ya kila bawa ina vibao vilivyolazwa mshazari, kimoja juu ya kingine, hivi kwamba hata ukifunga, upepo unapita na jua linabaki nje, na mvua ikija inateleza kwenye vibao na kudondoka chini. Usiku ukilala ndani unasikia kila kitu: viboko mtoni, jirani anakohoa, mtu anapiga hodi nyumba ya tatu. Neno dirisha tumelipata kwa Waajemi, na shubaka kwa Waarabu, kwao likiwa dirisha tu. Sisi tukaligeuza likawa hata kitundu cha ukutani cha kuwekea taa. Vitu vya ukutani vimesafiri sana katika pwani hii, na kila vilikofika vilipewa kazi ya pale.

Basi mtu akisema "tuweke vioo viwili lakini tubakishe fremu," anadai anahifadhi. Anahifadhi nini?

Kuna kisa cha Wayunani ambacho kila aliyepitia darasa la falsafa amesimuliwa. Plutarch aliandika kwamba merikebu ya Theseus iliwekwa Athene kwa ukumbusho, mbao zilipooza zikabadilishwa moja moja, na wanafalsafa wakabishana kama bado ni ileile. Mtu wa Kipini hana haja ya kwenda Athene. Pale Tana inapoingia baharini, mashua zinapandishwa ufukweni, ubao uliooza unang'olewa, mpya unapigwa, pamba ya kalafati inasokomezwa kwenye nyufa, na jahazi linarudi majini na jina lake lilelile na nahodha wake yuleyule. Hakuna anayekaa chini ya mkoko kubishana ni jahazi gani. Jahazi ni lile linalokwenda. Na jembe la nyanya limebadilishwa mpini mara nne ninazozijua mimi, bamba mara mbili, na ukithubutu kulichukua bila ruhusa utaambiwa umechukua jembe lake.

Kwa hivyo kubadilika kwa sehemu si tatizo. Lakini angalia kilichobaki bila kubadilika katika mifano hiyo. Jahazi linaendelea kuelea, jembe linaendelea kulima. Mbao zimeondoka, kazi imebaki. Pendekezo letu la madirisha linakwenda kinyume chake: mbao zinabaki, kazi inaondoka. Fremu ileile ya mbambakofi, alama za patasi zilezile za fundi wa Ngao, lakini hapiti upepo, haipiti sauti, na bawa halifunguki. Hiyo si fremu ya dirisha tena. Ni fremu ya picha, na picha yenyewe ni barabara ya Lamu.

Kwetu Tana River tunao mfano wa jambo hili ambao nchi nzima inaujua bila kujua kwamba inaujua. Wimbo wa taifa. Mwaka 1963 jopo la watu watano lilipopewa kazi ya kutafutia Kenya wimbo, lilichukua sauti ya wimbo wa Kipokomo wa kubembelezea mtoto, ambao Mzee Meza Moroa Galana anatajwa kuwa ndiye mtungaji wake, likatia maneno mapya ndani. Fremu ya zamani, kioo kipya. Nyanya anaukumbuka wa kwanza na anauimba polepole, akitikisa mguu mmoja, kwa sababu umetengenezwa kwa mguu unaotikisa mtoto. Na kila Jumatatu asubuhi watoto wa shule za Garsen wanasimama wima, mikono ubavuni, macho mbele, kwa sauti iliyotungwa ili walale.

Najivunia jambo hilo, sisemi uongo. Nikiwa ugenini na wimbo ukapigwa, kuna kitu kifuani kinachojua njia ya nyumbani. Ila siwezi kujidanganya kwamba wimbo wa kubembeleza umehifadhiwa. Kilichohifadhiwa ni umbo lake. Kazi yake imegeuzwa juu chini, na akina mama wengi wa umri wangu wanabembeleza watoto kwa video za simu. Umbo likitukuzwa sana tunaweza kusahau kuuliza kazi ilikwenda wapi.

Hapa mtu mwenye akili atanikatiza. Atasema: kwani lazima kitu kiendelee kufanya kazi ileile ndipo kihesabiwe kimehifadhiwa? Mbona Lamu? Mji Mkongwe wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, milango yake ya nakshi inapigwa picha kila saa, na nyuma ya mingi ya milango hiyo kuna nyumba za wageni zenye viyoyozi. Mlango uliochongwa kumtambulisha mwenye nyumba leo unamtambulisha mwekezaji. Je, heri ungeoza?

Hapana. Na ndiyo maana nasita kuifanya kazi kuwa sheria ya pekee. Dunia yenyewe haijakubaliana. Uingereza, tangu William Morris na wenzake waanzishe chama chao cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877, kuna wanaoamini kwamba mbao yenyewe, ile iliyoguswa na mkono wa kale, ndiyo yenye thamani. Irekebishwe, itiwe kiraka, lakini isibadilishwe. Japani kuna hekalu la Ise ambalo hubomolewa na kujengwa upya kila baada ya miaka 20, mara ya mwisho ikiwa 2013, mbao mpya kabisa, na hakuna anayesema limekwisha. Wajapani wa Ise wameshika umbo na ustadi wa mikono, wakaachilia mbao. Kina Morris wameshika mbao. Na nikiwaangalia majirani zetu Waorma nawaona wana jibu la tatu. Nyumba yao ya jadi ni kazi ya mwanamke: matawi yanapindwa kuwa kuba, yanafungwa, yanafunikwa mikeka au nyasi. Wakihama kufuata malisho, yanayofaa yanafunguliwa na kupakiwa, yaliyovunjika yanaachwa njiani, na nyumba inasimama tena mahali pengine jioni yake. Siku hizi utaona turubai la msaada juu ya yale matawi, na hakuna mwanamke wa Kiorma anayekaa akisikitika kwamba turubai si mkeka. Anachoshika yeye ni ule uwezo wa kuifungua na kuifunga tena.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nirudi kwenye swali la nyanya nikiwa na masikio mapya. "Litafunguka?" Nilidhani anauliza habari ya upepo. Nadhani sasa kwamba anauliza zaidi ya hapo, ingawa yeye mwenyewe nilipomwambia hivyo alinitazama akasema, "Mwanangu, nimeuliza dirisha."

Haya, na tuulize dirisha. Fremu ya babu imeungwa bila msumari hata mmoja kwenye pembe. Kipande kimoja kina ulimi, kingine kina tundu, ulimi umeingia tunduni na kijiti cha mbao kimepigiliwa kupita vyote viwili. Fundi wetu wa sasa, kijana wa Garsen aliyejifunzia kazi Malindi, alikitoa kijiti kimoja kwa nyundo ndogo mbele yangu, fremu ikafunguka kama kitabu, akasafisha tope la mafuriko matatu, akakata sehemu ya chini iliyolika kidogo, akaunga kipande kipya, akaifunga. Asubuhi moja tu. Mtu aliyekufa zamani alimwachia kazi aliye hai kwa namna ambayo aliye hai anaweza kuisoma. Mchwa waliokula milingoti ya ukuta hawakuigusa mbambakofi. Na mbambakofi mpya ya ukubwa huo kuipata siku hizi ni safari. Hata kabla ya serikali kupiga marufuku ukataji katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, na hata baada ya Rais Ruto kutangaza kuiondoa marufuku hiyo Julai 2023, miti mikubwa ya pwani ilikuwa imeshakwenda.

Vioo viwili je? Vinadumu, kwa matumaini, miaka ishirini na kitu. Kisha ile gundi ya ukingoni inachoka, unyevu unapenya, chembechembe zinashiba, na ukungu unatanda baina ya kioo na kioo. Ukungu ule hauwezi kuufuta. Unapangusa ndani, uko mbele. Unapangusa nje, uko nyuma. Hakuna fundi Garsen wala Malindi atakayekifungua. Kitu kizima kinatolewa na kingine kinaagizwa, kwa kipimo kilekile, kutoka kiwandani. Simaanishi teknolojia ni mbaya. Namaanisha kuna vitu vinavyomwachia mrithi kazi na vitu vinavyomwachia bili tu.

Hapa ndipo naliona jambo la haki na si la uzuri peke yake. Kuna watu wanne katika dirisha moja: aliyelichonga, anayelilipia, anayelifungua kila siku, na atakayelirithi. Mazungumzo yetu ya familia yalikuwa ya mtu wa pili dhidi ya kumbukumbu ya mtu wa kwanza. Muscat anasema pesa ni zangu, nataka nyanya apate kilicho bora. Mama anasema ni mbao za baba. Wote wawili wanasema kweli, na wote wawili wanamruka nyanya, ambaye atakuwa ameshika komeo kila alfajiri, na wanamruka mtoto wa dada yangu, mwenye miaka mitano, ambaye mwaka 2050 ndiye atakayekuwa anakwaruza ukungu usiofutika.

Lakini nimtendee haki ndugu yangu. Ni rahisi sana kwa sisi tunaoandika kuwacheka wanaotaka alumini na vioo, tukawaita washamba wa kisasa. Mtu anayesimama kwenye jukwaa la ghorofa la kumi huko Muscat akimfungia tajiri kioo, kisha akataka nyanya yake apate kioo kilekile, hana ushamba wowote. Anasema kwamba nyanya yake hana tofauti na yule tajiri. Ukimjibu kwa hotuba ya utamaduni na upepo wa kusi, unamwambia nini? Kwamba vitu vizuri ni vya wengine, sisi tutunze vya kale ili wapita njia wapige picha? Wapo watu wa kutosha tayari wanaotaka Delta ibaki kama ilivyo kwa faida ya macho yao: ndege, mitumbwi, minazi, na wenyeji wasiobadilika. Nyanya amezika watoto wawili kwa malaria. Vibao vya mshazari vinapitisha upepo, na mbu pia. Anayesema dirisha la zamani lilikuwa kamili hajalala humo bila chandarua.

Kwa hiyo siungi mkono kurudisha ya 1974 kama ilivyokuwa, kana kwamba babu alishushiwa mchoro kutoka mbinguni. Yeye mwenyewe alikuwa mtu wa mambo mapya. Nyumba za wazee wake zilikuwa na giza na moshi, madirisha ya mbao yalikuwa mtindo wa misheni, wa wale Wajerumani wa Neukirchen waliofika Ngao mwaka 1887, na wazee wa kijiji walimwambia anawafungulia wezi mlango wa pili. Akachonga hivyo hivyo.

Watu wa kazi ya kuhifadhi majengo wana kanuni moja ambayo naipenda kwa sababu inafaa hata jikoni: ukiongeza kitu kwenye cha zamani, kiongeze kwa namna kinavyoweza kuondolewa bila kukiumiza kile cha zamani. Hawakuniuliza mimi, lakini ningeiweka hivi: badilisha kadiri unavyohitaji, ila usimfungie mlango anayekuja. Kwa kanuni hiyo kuchimba fremu milimita 20 ni vibaya, si kwa kuwa mbao ni takatifu, ila kwa kuwa mbao iliyochimbwa hairudi. Na kuiacha bila wavu wa mbu ni vibaya vilevile, kwa kuwa mtoto aliyezikwa naye harudi.

Nilimwuliza fundi kama ipo njia. Alikaa juu ya tofali akavuta sigara nusu, akasema, "Dada, kwani lazima kioo kiingie ndani ya fremu ya mzee?" Akanichorea mchangani kwa kijiti. Fremu ya mbambakofi inabaki ilivyo, mabawa yake nje. Upande wa ndani unapachikwa mfumbati mwembamba wa mbao nyepesi, umekazwa kwa skrubu sita, wenye bawaba zake. Kwenye mfumbati huo unatia unachotaka. Wavu wa mbu, ukipenda. Kioo, ukipenda. Ukifungua mabawa na wavu uko, upepo unapita na mbu anabaki nje. Kikija kiyoyozi siku moja, unatoa wavu, unatia kioo, na baina ya kioo na mabawa ya babu inabaki nafasi ya hewa. Ukichoka, skrubu sita. Baadaye niligundua kwamba kule Uingereza wengi wanaonyimwa ruhusa ya kugusa madirisha yao ya zamani hufanya karibu hivyohivyo, wanasimamisha dirisha la pili kwa ndani. Fundi wetu hajafika Uingereza. Amefika Malindi.

Nyanya alipoelezwa aliuliza tena lilelile, akajibiwa litafunguka, akaondoka kwenda kuangalia kuku.

Kumshawishi Muscat kulichukua siku tatu na data nyingi. Alitaka picha, alitaka vipimo, alitaka kuongea na fundi mwenyewe, na walipoongea wakazungumza lugha yao ya unene na pembe nusu saa nzima mimi nikishika simu. Mwishoni alikubali madirisha matano yawe ya wavu. La sita, la chumba cha mwisho ambacho ni chake akirudi, atalilipia vioo viwili kamili, kwenye mfumbati wa ndani, wa skrubu, na kiyoyozi kidogo cha sola akijaliwa. Kaka yangu mkubwa bado anasema alumini ingekuwa imeshakwisha wiki iliyopita, na kwa hesabu ya siku yuko sawa.

Kilichobaki ni ubishi wa skrubu. Fundi anataka za kawaida kwa sababu ndizo zinazopatikana Garsen. Muscat anasema zitashika kutu kwa unyevu wa mto, anataka zisizoshika kutu, na atazituma na mtu anayekuja mwezi ujao. Kwa hivyo mifumbati imeegemea ukutani imepakwa vanishi mara moja, na fremu sita za mbambakofi zimeshajengewa kwenye matofali, mabawa wazi, nyumba haina hata sakafu bado.